Chumba kile hakikuwa kimya

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa maabara hapa Dar, kuhusu kupima sauti na mitetemo ya maabara ambayo mtu mwenyewe haihisi. Wengi mliniomba maandishi, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoongea, nimeongeza tu namba ambazo siku ile zilikuwa ubaoni.

Asanteni sana kwa kuja, na wakubwa zangu mliokaa pale mbele, shikamooni.

Naanza na mama mmoja, jina lake nalihifadhi, analea panya wale weupe wadogo kwenye maabara moja ya utafiti. Mimi pale nilikuwa nimeitwa kufunga sensa za joto kwenye mafriza, kazi ya siku mbili tatu. Nikiwa nakunja waya zangu akanifuata, nikamwamkia, akaitikia, alafu akaniambia hivi, mwanangu wewe si ndo fundi, hebu njoo usikilize chumba changu, hawa watoto hawalali. Nikaingia, nikasimama katikati ya chumba, nikatega sikio. Kimya. Nikatoa simu nikawasha ile programu ya kupima kelele, namba ikakaa chini kabisa. Nikamwambia mama, mbona pako shwari tu. Akatikisa kichwa, akasema tangu wabadilishe taa humu wanajikunyata kona moja, na mama zao wanakula watoto.

Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilisema huyu mama ana mambo yake, nikaondoka. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mama alikuwa ananipa data ya miaka, na mimi nikaiweka kando kwa sababu ya simu.

Sikilizeni sasa. Sikio la binadamu, tena la kijana mwenye afya, linaanzia hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, mpaka kilohezi 20 hivi, yaani elfu 20. Panya mdogo yeye anaanzia karibu kilohezi 1 na anapanda mpaka jirani na kilohezi 100. Yaani sehemu kubwa ya dunia ya sauti anayoishi yule mnyama sisi hatumo kabisa. Na simu yangu imetengenezwa kwa ajili ya sikio la mtu, maikrofoni yake inachoka huko kwenye 20, alafu juu ya hapo programu za kupima kelele mara nyingi zinatumia mizani ya A, mizani ambayo imetungwa makusudi ifuate sikio la binadamu, inapunguza kila kitu ambacho mtu hakisikii vizuri. Kwa iyo nilivyomwambia mama pako kimya nilikuwa nasema tu kwamba mimi sijasikia kitu. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na zile taa? Zilikuwa zile zinazojiwasha mtu akiingia. Kuna aina inayotumia joto la mwili, hiyo haina shida, lakini kuna aina nyingine inarusha sauti isiyosikika, kawaida kati ya kilohezi 25 na 40, inairusha muda wote bila kupumzika, inasikiliza mwangwi ukibadilika inajua kuna mtu anatembea. Kwetu sisi haipo. Kwa panya ni kama umefungiwa chumba kimoja na filimbi usiku na mchana.

Nitarudi kwa mama. Kwanza nieleze tulichokijenga na kwa nini.

Tatizo hili, la chumba kulia au kutikisika bila mtu kuhisi, sio geni wala sio la kwetu peke yetu. Mwaka 1881 mwanafizikia Albert Michelson alikuwa Ujerumani na kifaa chake cha kulinganisha miale ya mwanga, akakifunga Berlin, mitetemo ya magari ya barabarani (ya farasi hayo!) ikamshinda, hata usiku wa manane mistari ya mwanga ilikuwa inacheza. Akahamia Potsdam kwenye jengo la wachunguzi wa nyota nje ya mji, na huko nako aliandika kwamba mtu akikanyaga kwa kishindo kwenye njia ya mawe umbali wa mita 100 hivi, mistari inapotea yote. Mwaka 1887 kule Cleveland, Marekani, yeye na Edward Morley wakaweka kifaa juu ya jiwe kubwa, jiwe wakalielesha juu ya zebaki. Mnaona jamaa alivyohangaika? Na hakuwa na sensa hata moja. Alichokuwa nacho ni macho yake na uvumilivu.

Leo tunavyo vipimo. Kwenye miaka ya 1980 wataalamu wa mitetemo Colin Gordon na Eric Ungar walitengeneza mistari inayoitwa VC, yaani vikomo vya mtetemo, ndo lugha ambayo watu wa majengo ya maabara wanaongea mpaka sasa hivi. Unapima mwendo wa sakafu kwa mikromita kwa sekunde, unaugawa kwa masafa, yaani unatikisika mara ngapi kwa sekunde, kwenye vipande vidogo vinavyoitwa theluthi ya oktavu, kuanzia hezi chache mpaka 80, alafu unaangalia umekaa chini ya mstari upi. Karakana inavumilia 800. Ofisi 400. VC-A ni 50, hapo hadubini ya kawaida inafanya kazi. VC-B 25, VC-C 12.5, VC-D 6 na kidogo, VC-E 3 na kidogo, huko ndo wanaishi maikroskopu za elektroni zenye madeko kweli kweli. Kila herufi inakata nusu. Mtu anapotembea kwa kasi hapo juu ghorofani anapiga hatua kama 2 kwa sekunde, na kishindo cha hatua zake kinaamsha sakafu yenyewe iitike kwa sauti yake, sasa hebu fikiria unanunua mashine ya pesa nyingi unaiweka katikati ya sakafu pana ya ghorofa ya pili jirani na korido.

Hicho ndicho kilichonirudisha pale maabara, miezi kadhaa baadae. Safari hii hawakuniita kwa ajili ya mama, waliniita kwa ajili ya hadubini. Picha zinatikisika. Asubuhi safi, kuanzia saa nne zinaharibika, zinarudi, zinaharibika tena. Wameshalaumiana vya kutosha, mtaalamu analaumu fundi, fundi analaumu umeme, umeme kila mtu anaulaumu. Muuzaji alikuja akapima nusu saa, nusu saa hiyo ikawa shwari, akaandika ripoti kwamba chumba ni kizuri, akaondoka zake.

Hapo ndo pana jambo lenyewe, naomba mnielewe vizuri. Kupima nusu saa ni sawa na kumpima mgonjwa wa homa za vipindi siku ambayo hana homa. Maabara inaishi saa 24. Pampu inajiwasha inapotaka, jirani anawasha jenereta umeme ukikatika, lori la mchanga linapita, friza la nyuzi 80 chini ya sifuri linaamka na kompresa yake. Ukitaka kumkamata mwizi lazima ulale pale pale, usiku na mchana, na saa yako iwe sahihi.

Basi tukajenga kifaa cha kukaa pale pale kinapima mitetemo na sauti. Nitaelezea kwa kirefu sehemu ya mitetemo kwa sababu ndo watu wengi wanaikosea.

Wengi mtakimbilia chipu ya akselerometa, ya kupima mchapuko, yaani mwendo unavyobadilika, ile ya bei rahisi, ya kwenye simu. Fanyeni hesabu kwanza. Chukua mstari wa VC-D kwenye hezi 5, mikromita 6 kwa sekunde. Ukigeuza kuwa mchapuko unapata kama sehemu 20 kwa milioni za nguvu ya uvutano wa dunia. Chipu ya bei rahisi kelele zake zenyewe za ndani zinazidi hapo, yaani utakaa unapima chipu na unadhani unapima sakafu. Sisi tulitumia jiofoni, zile zile wanazozipanga ardhini watu wanaotafuta mafuta na gesi. Ndani kuna sumaku, koili na springi, ardhi ikitikisika koili na sumaku vinapishana, unatoka umeme wenyewe bila hata betri. Kitu cha zamani, kigumu, na kinasema ukweli. Ile ya kawaida, ya hezi 4.5, inatoa karibu volti 28 kwa kila mita moja kwa sekunde, inaonekana nyingi, lakini kwa mikromita 6 unabaki na milivolti 0.17. Kwa iyo unahitaji kikuza sauti kisafi na kigeuzi cha biti 24 cha kugeuza umeme kuwa namba, na waya iliyovikwa vizuri isipite karibu na nguzo ya umeme, la sivyo utapata hezi 50 nzuri sana kwenye grafu na utatangaza umegundua mtetemo kumbe umegundua soketi. Na chini ya hezi 4.5 jiofoni inaanza kupoteza usikivu, lazima urekebishe kwenye programu, usiache hivo hivo.

Kuifunga nako ni kazi. Tuliiweka mara ya kwanza juu ya vigae, kigae kimoja kilikuwa kimeachia chini, wiki nzima ya data ikawa ni ya kigae kile kinavyocheza. Tukang'oa, tukasafisha mpaka kwenye zege, tukaibana kwa gundi ngumu. Sio zulia, sio mkeka, sio juu ya meza. Meza yenyewe ina tabia zake, hata ile inayokalia mito ya hewa ambayo watu wanaiamini sana, kwenye hezi 1 au 2 badala ya kuzuia inakuza, na mnunuzi haambiwi.

Siku ya tatu tukaanza kumwona mwizi. Mstari kwenye grafu, unatokea, unakaa dakika kama 20, unapotea. Kila mtu akasema jenereta! Jenereta la dizeli linazunguka mara 1500 kwa dakika, hiyo ni hezi 25, na kama lina silinda 4 milipuko yake inatoa 50. Mstari wetu ulikuwa hapo hapo jirani na 25. Lakini hapo ndipo urefu wa kipande cha data unachokichambua unapoamua kesi. Ukichambua kipande cha sekunde 1, mgawanyo wako, yaani uwezo wa kutenganisha masafa mawili ya jirani, ni hezi 1, kila kitu kati ya 24 na 25 kinalundikana. Tukachukua vipande vya sekunde 10, mgawanyo ukawa moja ya kumi ya hezi, mstari ukasimama kwenye 24.2. Hiyo sio jenereta. Hiyo ni mota ya umeme, ile ya kawaida ambayo haifikii 1500 kwa sababu inateleza kidogo, inazunguka kama 1450. Gawanya kwa 60, 24.2 hiyo hapo. Tukapanda juu, tukatafuta mota inayofanya kazi dakika 20 na kupumzika. Pampu ya maji ya kwenye tangi la paa! Imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ukuta ambao ndo huo huo unabeba sakafu ya chumba cha hadubini, na bomba la chuma limeshikana na ukuta mpaka chini. Saa nne watu wameamka vyoo vinatumika, tangi linashuka, pampu inawaka.

Dawa yake ilikuwa mipira minene chini ya pampu na vipande viwili vya hosi laini kwenye bomba. Basi. Watu walishapanga bajeti ya kuhamisha chumba.

Kule Marekani kuna maabara ya LIGO, wanasikiliza mawimbi ya mvutano kutoka mbali huko angani, mikono ya kilomita 4, na mwendo wanaoutafuta ni mdogo kuliko protoni mara maelfu. Wamezungushia jengo zima sensa za mitetemo, maikrofoni, vipimo vya sumaku, kila kitu, sababu bila hivyo wasingejua kama ile ishara ya tarehe 14 Septemba 2015 ni mashimo meusi mawili yamegongana au ni lori. Mwaka 2017 kituo chao cha Hanford, jimbo la Washington, walipata kelele za ajabu kwenye data. Maikrofoni zilizokuwa pale zikawapa jibu, zilinasa mlio wa kudonoa, tok tok tok. Kunguru! Walikuwa na kiu, kwenye mabomba ya nitrojeni baridi barafu ilikuwa inaganda kwa nje, ndege wanadonoa barafu, mdundo unafuata bomba mpaka ndani. Wakayafunika mabomba. Mimi hadithi hii naipenda sana kwa sababu kunguru asingekamatwa na darubini yoyote ile, alikamatwa na maikrofoni ambayo mtu alikubali kuiweka bila kujua itamkamata nani.

Sasa sauti. Baada ya hadubini kupona nikasema naomba kitu kimoja, naomba nirudi kwenye chumba cha mama.

Kuna sheria hapa haina huruma. Ukitaka kuona sauti ya masafa fulani lazima uchukue sampuli, yaani vipimo vya sauti, zaidi ya mara mbili yake kwa sekunde. Kwa panya, unataka kufika kilohezi 100, kwa iyo tulichukua 250,000 kwa sekunde, na maikrofoni ya aina ile wanayotumia watu wanaochunguza popo. Ukichukua 48,000 kama rekodi ya kawaida na hujaweka kichujio, sauti ya kilohezi 40 haipotei tu, inajibadilisha sura inakuja kama kilohezi 8, inakudanganya mchana kweupe. Sasa sampuli 250,000 kwa baiti 2 kila moja, siku moja ni gigabaiti 43. Kadi ya memori inajaa kabla hujaamka, na intaneti ya pale msiniambie. Ndo maana uchambuzi wote tuliufanya pale pale kwenye kompyuta ndogo ndani ya chumba, kila sekunde inatoa safu moja ya namba, nguvu ya kila kipande cha masafa, hiyo ndo inasafiri kwenda kwenye seva. Sauti ghafi inabaki sekunde 30 tu, na kama kitu kikivuka kizingiti kipande kile kinahifadhiwa. Kumbukeni pia faragha, kwenye chumba wanaongea watu, hakuna sababu ya kuhifadhi maneno yao, tulikata kila kitu chini ya kilohezi 10 kabla hakijahifadhiwa na tukabandika karatasi mlangoni ya Kiswahili inayosema hivyo.

Saa nayo isidharauliwe. Umeme ukikatika kompyuta ndogo inasahau ni saa ngapi, intaneti ikichelewa kurudi inaandika matukio ya mwaka mwingine kabisa. Tuliweka chipu ya saa yenye betri yake, ile nzuri inakosea kama dakika moja tu kwa mwaka. Bila saa sahihi grafu yako haiwezi kukutana na daftari la mama.

Maana mama alikuwa na daftari! Hili hakuwahi kuliomba mtu. Kila siku, tarehe, chumba, kizimba kipi kimezaa, wangapi wamepotea, nani ameingia. Kaanza kabla sijazaliwa kwenye fani hii. Tulipowasha maikrofoni mstari ulisimama kwenye kilohezi 40, mwembamba, haulali, usiku na mchana, na juu yake matone matone wakati wa kuosha vizimba, chuma kugonga chuma, ambayo kumbe inapanda juu sana kwenye masafa kuliko tunavyosikia. Tukarudi nyuma kwenye daftari. Tarehe ya zile taa ilikuwa imeandikwa, na baada ya hapo kurasa zinabadilika.

Mimi ni mhandisi, siwezi kusimama hapa niseme 40 ile peke yake ndo ilikula watoto wa panya, chumba kina mambo mengi, joto, chakula, mikono mipya. Lakini uongozi ulikubali kubadilisha taa ziwe za kuhisi joto, gharama yake ndogo, na mstari ukafa siku ile ile saa nane mchana, unaonekana kwenye grafu kama mtu amekata uzi. Na fikirieni utafiti wote uliofanyika ndani ya kile chumba kabla ya hapo, dawa zimepimwa, tabia zimepimwa, uzito umepimwa, kwa wanyama ambao walikuwa na hofu usiku kucha na hakuna karatasi hata moja iliyoandika hilo. Hapo ndo napata uchungu kabisa. Mtu anapewa pesa za umma, anafanya kazi kwa uaminifu, na hitilafu iko kwenye dari.

Kwa wanaotaka kujenga, nawaomba kitu kimoja, kioo cha grafu kikae pale anapofanya kazi mlezi wa wanyama, sio ofisini kwa mkubwa. Tulikosea hapo. Kioo cha kwanza kilienda ofisini, kikawa pambo. Tukatengeneza kingine, maandishi makubwa, Kiswahili, rangi mbili tu, na kitufe kimoja, akibonyeza muda unahifadhiwa, jioni anaandika kilichotokea. Kitufe kile ndo kimetupa vitu ambavyo hakuna programu ingevijua, kwamba mlio ule wa alfajiri ni toroli lenye gurudumu bovu, kwamba Ijumaa kuna mtu anafagia korido kwa kukokota ndoo.

Alafu siku moja akaniuliza, mwanangu, hii mashine yako inasikia mpaka huko juu, na wao wenyewe je, hawasemi kitu? Nikamwambia mama wanasema, watoto wakitoka kwenye kiota wakapata baridi wanalia, wanalia huko kwenye kilohezi 60, 70, mama zao wanakuja kuwabeba. Akanyamaza. Nikachukua kipande cha usiku uliopita, nikakipunguza mwendo mara kumi, ile 70 ikawa 7, ikaingia kwenye sikio la mtu. Nikampa spika za masikio.

Mama yule ana miaka 19 analea panya kwenye chumba kile. Alisikiliza kipande kile cha sekunde chache, vile vilio vyembamba vinapanda na kushuka, akanionyesha kwa kidole nirudie. Nikarudia. Akanionyesha tena. Mara ya nne akavua zile spika, akainuka, akaenda mpaka kizimba cha tatu safu ya chini, akainama akaangalia, akasema ni huyu, huyu ndo kazaa juzi.